Asante Iliyomruka Mtu

Kristiana alikuwa mwanamke wa kumshukuru Mungu kwa sauti. Mvua ikinyesha, shukrani. Ulezi ukikomaa, vigelegele. Hata akijikwaa njiani alisema, "Asante Baba, sijavunjika." Kanisani ndiye aliyeanzisha nyimbo za sifa, na wanawake wenzake wa Ufipa walimwitikia huku wakicheza.

Mwaka 1974, amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa ilipowafikia, balozi wao wa nyumba kumi, Marselino, alipita na mgambo kuezua nyumba za waliokawia. Kristiana alisimama uani akitazama nyasi alizozikata kwa mikono yake zikitupwa chini. Mama yake, Bibi Zita, alikuwa na homa, hawezi hata kusimama. Lori lililoahidiwa halikuja, na mvua ikaanza huku watu wakishika njia, kila mmoja na mzigo wake.

Ndipo Marselino alipochutama mbele ya yule bibi. "Panda, mama," alisema. Akambeba mgongoni, mlima kwa mlima, mpaka kijiji kipya. Akamlaza ndani ya ghala, akaondoka.

Bibi Zita akapona. Jumapili Kristiana aliimba mpaka sauti ikakauka: Mungu amemfikisha mama yangu salama! Lakini Marselino alipopita karibu, Kristiana aligeuza uso. Si yeye tu. Kijiji kizima kilimnunia balozi, na mkewe akifika kisimani maongezi yalikatika.

Jioni moja katekista Beda alimkuta Kristiana akipepeta ulezi.

"Dada, nasikia unamshukuru Mungu kwa ajili ya mama yako."

"Kila siku, katekista."

"Alimfikisha kwa njia gani?"

Ungo ulitulia. "Yule aliniezulia nyumba."

"Aliiezua, ndiyo. Kwa hilo sikwambii umshukuru."

"Sasa nitamwambiaje asante mtu ninayemchukia?"

"Sijui," alisema Beda. "Ila naona shukrani yako inamruka mtu."

Kristiana alikasirika, tena sana. Lakini Jumapili iliyofuata, alipofungua kinywa kuanzisha wimbo, aliuona ule mgongo uliolowa mvua, na mama yake ameung'ang'ania. Wimbo ukamkwama. Mwingine akauanzisha.

Kesho yake alimfuata Marselino kwenye shamba la kijiji. Alikuwa analima peke yake, mbali na wenzake.

"Balozi, uchungu wa nyumba yangu bado ninao," alisema. "Lakini ulimbeba mama yangu. Asante."

Marselino aliegemea jembe.

"Tangu tuhamie huku sijaambiwa neno hilo na mtu," alisema. Kisha akainamisha kichwa. "Siku ile niliogopa wakubwa, Kristiana. Nisamehe."

"Hilo la kusamehe bado naliomba kwa Mungu," alijibu. "La asante ndilo nililo nalo leo."

Jioni alipokwenda kuteka maji alimsalimia mke wa Marselino mbele ya wote, akamtwika ndoo yake. Wanawake wakatazamana. Mmoja akauliza hali ya watoto, na mwingine akadakia.

Jumapili ilipofika Kristiana alianzisha wimbo wa sifa, na sauti ikatoka. Msamaha ulichelewa, ulimjia mavuno mawili baadaye, naye akaenda mwenyewe kumwambia Marselino.