Saimi Aliyemnyima Mumewe Chumvi

Siku ya kwanza nilipomwona Saimi Nuutinen, alikuwa amechutama kando ya ziwa, mikono imezama pipani hadi viwiko. Ilikuwa Oktoba 1975. Wiki hiyo nilikuwa nimehamia nyumba aliyoniachia marehemu mjomba wangu, na nilikuwa nimepanga kupita kimya kimya nyuma ya banda la mashua.

"We mgeni, mbona unanyata kama mwizi wa kuku?" aliita bila kugeuka. "Njoo unishikie mfuniko."

Nikashika. Alikuwa akipanga muikku, samaki wetu wadogo kama dagaa: tabaka la samaki, konzi ya chumvi, tabaka la samaki, konzi ya chumvi. Hakuniuliza jina mpaka pipa likajaa, na kufikia hapo nilikuwa nimepata ujasiri wa kulitaja.

"Arvi," nilisema.

"Haya, Arvi. Utakula kwetu Jumapili."

Mumewe, Onni, alikuwa mkata miti kama mimi, na majira yale ya baridi tukawa tunafanya kazi pamoja. Chakula chao kilikuwa cha kila nyumba yenye mapato kama yetu: viazi vya shambani, samaki wa pipani, uyoga wa pipani, mkate mweusi. Ziwa na msitu havidai malipo. Cha kununua kilikuwa chumvi, nayo ilikuwa bei ya chini kuliko vyote dukani. Onni aliwasuuza samaki wake mara moja tu, kisha akanyunyizia chumvi viazi. Hata kwenye birika la kahawa Saimi alitia chembe mbili tatu, kama alivyofanya mama yake.

Kaka wawili wa Onni walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa moyo, mmoja na miaka arobaini na minne, mwingine arobaini na saba. Onni alikuwa na arobaini na sita. Nesi alipokuja shule ya kijiji na mashine ya presha, mimi nikiwa nyuma yao kwenye foleni, alimpima Onni mara tatu, akidhani mashine imeharibika. Halafu akamgeukia Saimi.

"Dawa nitampa. Lakini kwa chumvi hii mnayokula, dawa pekee haitamfikisha mbali. Ipunguze nusu."

Saimi alikuwa mtu wa kushika neno. Vuli iliyofuata alipanga samaki wake tena, nami nikashika mfuniko tena. Safari hii alitia nusu konzi. Niliona. Nilijua kwamba pipa si sahani, kwamba ile chumvi ndiyo inayomlinda samaki asioze. Lakini mimi kapera, nimfundishe mama wa nyumba kazi yake? Nikashindilia mfuniko.

Novemba alipofungua pipa, paka alitoka mbio. Sisi tulibaki tumeziba pua. Saimi aliketi kwenye ngazi akajifunika uso kwa aproni.

"Chakula cha majira yote ya baridi," alisema. "Nimeogopa chumvi isimuue, sasa nitamuua kwa njaa."

"Usilie, mama," Onni alimwambia. "Nesi atafurahi. Sasa sili chumvi wala samaki."

Saimi alimrushia samaki aliyeoza, akamkosa. Wakacheka wote wawili. Lakini Onni alipoanza kusema kwamba dukani kuna samaki wa chumvi wa bei nafuu, wa kutosha hadi masika, kicheko cha Saimi kilikatika. Bei ya nyama mbichi hawakuiweza. Kilichowezekana kwa fedha yao ndicho Onni alichokatazwa.

Nilirudi nyumbani, na ndipo nilipokumbuka friza ya kijiji. Ni kijumba karibu na duka, kila mwanachama ana sanduku lake lenye kufuli. Onni na Saimi hawakuwahi kujiunga. Sanduku la mjomba lilikuwa na samaki mmoja wa zamani na barafu tupu. Njiani kurudi kwao nilifanya mazoezi ya sentensi nzima. Nilipofika mlangoni, ikapotea.

"Shemeji... lile sanduku la mjomba. Kwenye friza. Lina nafasi."

Saimi alinitazama. "Mwaka mzima una nafasi hiyo?"

"Sikuulizwa."

"Na ile nusu konzi, uliiona?"

"Niliiona."

"Wewe Arvi! Nyumba ikiungua utakaa hapo usubiri uulizwe!"

Barafu ya ziwa ilipokomaa, tulikwenda watatu kuwasaidia wavuvi kuvuta kokoro chini ya barafu, wakatulipa kwa samaki. Tuliwajaza wabichi kwenye mifuko na kuwagandisha. Saimi aliwakaanga kwa unga na vitunguu, akawapika kwa maziwa na bizari ya bustani, akaponda puolukka, matunda mekundu machachu, akaweka pembeni. Uyoga wa pipani aliuloweka siku mbili, akibadilisha maji asubuhi na jioni. Kwenye mkate alipunguza chumvi kidogo kidogo kila Jumamosi, hata Onni asijue imeondoka lini.

Kwenye viazi alijua.

"Chakula hiki ni cha mtu asiye na meno," alilalamika.

"Kula, mzee, uyatunze uliyonayo."

Basi siku moja msituni nikamwona Onni akitoa kiberiti mfukoni, naye havuti sigara. Alikifungua, akamwaga chumvi juu ya mkate wake, akanikonyeza. Sikula vizuri mchana ule. Jioni nilikwenda kwa Saimi nikamwambia, bila kuulizwa. Onni hakunisemesha siku nne, ila kuniita msaliti tulipokuwa tukiangusha mti.

Masika nesi alimpima tena. Alipima mara moja tu, akaandika, akasema, "Endeleeni hivyo hivyo." Saimi alitoka nje haraka, nasi tukajifanya hatujaona sababu. Siku Onni alipotimiza arobaini na nane, Saimi alioka mkate mtamu mkubwa kuliko wa Krismasi, akaalika kijiji kizima. Miaka michache baadaye Onni mwenyewe alitema soseji ya dukani, akauliza kama mwenye kiwanda amedondosha gunia zima la chumvi.

Saimi alilazwa majira ya baridi ya 2002, mapafu yamechoka. Onni alikuwa na miaka sabini na miwili, akimtembelea kila siku. Alasiri moja nilikwenda peke yangu, nikaketi na kofia magotini. Saimi akanipiga kikofi mkononi.

"Nenda ukale kwetu, shemeji. Onni anapika mwenyewe siku hizi. Mchuzi wake ni maji matupu, hatii chumvi hata chembe, lakini ana kiburi nao, kwa hiyo msifie."