Fundi wa Taa na Pikapu ya Fransisko

Fundi yule wa taa pale Sumbawanga hakujua kutulia. Akiitikia salamu, mikono yake tayari ilikuwa imefungua taa za pikapu kuukuu ya Fransisko, inapangusa vumbi, inakwangua kutu kwenye nyaya. Fransisko alizunguka gari. Ukungu wa asubuhi ulikuwa umetanda, abiria wa kwenda Kipili wamekwisha kupanda nyuma wanangoja, na juzi tu, katika ukungu kama huo, alikosakosa kumgonga mzee wa baiskeli.

“Nifungie hizi globu kali za Dubai,” alisema. Siku hizo za biashara huria, globu za namna hiyo zilijaa kila duka.

Fundi alizifunga, akawasha. Ukungu ukawa mweupe pe! Fransisko akacheka kwa furaha. Fundi akachuchumaa mbele ya gari, akaukodolea macho mwanga mpaka machozi yakamtoka, kisha akazing'oa globu zote mbili.

“Hapa unamulika ukungu, kaka. Barabara huioni, na unayekutana naye unampofusha.”

“Nina haraka, bwana!”

“Najua.”

Fundi akarudisha globu ya zamani upande mmoja, akabadili waya mwembamba kwa mnene, akainamisha taa kidogo kidogo. Mwanga ukalala chini ya ukungu, changarawe zikaonekana moja moja. Fransisko aliinama akazitazama. Akawaendea abiria, akawaambia washuke kwanza, taa ya pili bado haijafungwa.