Spiriti ya Miti ya Pamba

Niacheni nijicheke kwanza, ndipo nanyi mnicheke. Mimi ni bwana shamba huku Kagongwa. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua pamba, nimekuwa nikimwimbia tajiri mmoja wa mjini, Bwana Ramji, wimbo uleule: ile miti ya pamba inayobaki shambani baada ya mavuno, tujenge kiwanda tuigeuze spiriti.

"Malighafi ni bure, bwana," nilimwapia. "Huku ni takataka, hakuna anayeihitaji."

Juzi akaja kujionea. Nilikuwa nimemwomba Mama Kulwa, mkulima wangu hodari, aturundikie miti kidogo uani. Tulipofika akasema mgeni hakagui kitu na njaa. Bwana Ramji hali nyama, kwa hiyo zikainjikwa kunde. Tukakaa ndani, mimi nikimmwagia tajiri mahesabu ya kiwanda, na kila njaa iliponiuma nikipaza sauti, "Mama Kulwa, chochea moto! Kunde ziive!"

Ziliiva kweli. Bwana Ramji alikula akaongezewa, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja," kisha akainuka. "Haya, nionyeshe hiyo malighafi."

Uani tulikuta majivu yanafuka.

"Mama, miti iko wapi?"

"Si ndiyo imewapikia, bwana shamba? Kuni nyingine hapa nitoe wapi? Hata mama watoto wako hununua hizi hizi kwangu kila wiki."

Bwana Ramji akanigeukia taratibu.

"Hununua?"