Rejeta Aliyoiacha Jumamosi

Kondo alikuwa fundi wa rejeta katika kambi ya barabara, njia ya Matombo. Kwa miaka kumi na tisa alimwaga maji machafu ya mashine, akasugua kutu, akaosha matope na majani yaliyoziba mapezi yake yanayopitisha hewa, akajaza kulanti mpya ya kupoza injini. Madereva walimwona mzito, maana hata wakimharakisha vipi hakufungua mfuniko rejeta ikiwa bado ya moto.

Aprili ile mvua haikukatika. Jumamosi jioni katapila lilirudi kambini rejeta ikiwa imegandwa na matope. Kondo aliitazama. Alikuwa amelowa na amechoka, akasema ataiosha Jumatatu.

Jumapili alfajiri mlima uliporomoka ukafunika nyumba ya dada yake, Asia. Mumewe, Stambuli, alikuwa msikitini. Oscar, dereva wa katapila, alifika upesi pamoja na Kondo, akaanza kuchimba, lakini hazikupita dakika ishirini mshale wa joto ukapanda, mvuke ukafoka, ikabidi azime injini.

Watu walimzunguka Kondo wakitaka kujua kwa nini mashine imesimama. Alisubiri ipoe, kwa kuwa maji baridi yangeipasua. Kisha akavuta mpira wa boza la maji, akaosha mapezi kutoka ndani kwenda nje, maji yakitoka polepole yasije yakayapinda. Hatua chache kutoka hapo Stambuli alikuwa akifukua kwa jembe, baadaye kwa mikono.

Ilipotea saa nzima na zaidi. Saa saba mchana walimtoa Asia, hana uhai. Mganga wa zahanati alisema huenda alifariki palepale ukuta ulipomwangukia. Wengine walifarijika. Kondo alibaki na lile neno huenda.

Siku ya kuanua tanga alimfuata Stambuli nyuma ya nyumba ya jirani.

“Shemeji, ile rejeta niliiona Jumamosi. Nikaiacha.”

Stambuli aliketi juu ya rundo la matofali.

“Asia alitaka kuamka nami,” alisema. “Mimi ndiye niliyemwambia arudi kulala, kuna baridi.”

Waliketi pale kwenye matofali mpaka walipoitwa kula.

Wiki iliyofuata Kondo alirudi kambini. Siku hizi haondoki kabla ya kuosha rejeta zote. Ijumaa hupanda hadi anakoishi Stambuli sasa, wakala sahani moja. Tangu siku ile ya tanga, jina la Asia hawajaweza kulitaja tena.