Bomba la Moshi na Mbegu za Mama Mkwe

Nasikia baridi. Nimelikana jambo hili tangu nilipoolewa huku juu Mbulu, nikitembea mikono wazi asubuhi za Julai na kuwaambia wakwe zangu kwamba hali ya hewa ni nzuri sana. Nilisema hivyo huku meno yakigongana.

Kwa hiyo nilipoacha kufundisha chuoni na kuhamia kwa mama mkwe, mume wangu akiwa kazini Dodoma, nilitangaza kwamba jiko jipya ni kwa ajili ya kifua cha mama. Fundi aling'oa mafiga, akaweka jiko la chuma lenye mlango, na bomba la moshi lililopita darini hadi juu ya bati. Mama mkwe alitazama juu. Darini ndiko anakotundika mahindi yake ya mbegu ili moshi uyakaushe na wadudu wa dumuzi wasiyale. Hilo nililijua. Niliona dawa ya dukani ingetosha.

Bomba linataka usafi. Masizi ya kuni mbichi huganda kama lami, na usipoyatoa moshi unarudi ndani. Nilipanda kwenye paa mwenyewe, nikashusha kwa kamba gunia lenye jiwe, nikavuta juu na chini, majirani wakisimama njiani kutazama shahada yangu ikifanya kazi. Nikiwasha, nyumba inajaa moshi. Napanda tena.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu akimtazama ng'ombe. "Leo tena? Utatoboa bati."

"Bomba limeziba."

"Huko chuoni moshi hamkuusoma?"

Siku moja nilikagua darini. Bomba lilikuwa limechomolewa kwenye kiungo, kipande cha juu kimesukumwa pembeni, na moshi wote ukipanda kwenye mahindi yake. Kumbe jiwe langu, nililodhani linafika jikoni, lilikuwa likigonga mbao za dari.

"Mama, nyumba ingeungua."

"Nyumba hii imekaa na moto kabla hujazaliwa. Mbegu ile nilipewa na mama yangu, na haiuzwi dukani. Ikiisha, imeisha. Wewe umeleta nini hapa? Bomba."

Nilirudisha kiungo, nikakifunga kwa waya na kuukaza kwa koleo. Tukaacha kusemezana, isipokuwa shikamoo, ambayo hata vita haiifuti.

Baada ya muda alishusha hindi moja na kuligonga mezani mbele yangu. Unga wa dumuzi ulimwagika kwenye chai yangu. Kesho yake alifunga mahindi yaliyopona kwenye shuka, akapanda gari kwenda kwa binti yake huko Masakta, ambako mafiga bado yapo. Aliapa kwamba jiko likibaki, harudi.

Nilibaki na joto langu. Sitadanganya, nililifurahia. Nilisafisha bomba likang'aa, nikakaa mbele ya jiko nikitunga hoja za kumshinda mume wangu. Zilikuwa hoja nzuri.

Akapiga simu.

"Nimeongea na mama. Kule mbegu zinapona. Anarudi Jumamosi nazo."

"Na jiko?"

"Fundi anakuja kesho kuling'oa."

"Hutaki hata kunisikiliza?"

"Nakusikiliza."

"Na mimi je?"

"Wewe nunua sweta nzito," alisema. "Mbegu hazivai sweta."