Mbao za Stesheni

Kijiji chetu kilipata stesheni masta kabla ya kupata reli, na kwa bahati mbaya alikuwa mume wangu.

Mgeni mmoja wa mjini alitutangazia mkutanoni kwamba treni ya mwendo wa kasi ingeletwa kutoka Kigoma hadi Kasulu, kisha Kibondo. Mwenyekiti wa kijiji hakutaka tukutwe tumelala. Kila kaya ikatoa mbao za mninga za kujengea stesheni. Mume wangu, kwa kuwa aliwahi kupanda treni mara moja, akapewa cheo. Kanga yangu mpya ya kijani aliikata, akajitengenezea kibendera. Kijiji kizima kikamwita stesheni masta. Mimi nilikataa katakata.

Kati yetu na hospitali ya Kabanga kulikuwa na mto wenye magogo mawili tu ya kuvukia. Mimba yangu ya kwanza iliharibikia ukingoni pale, mto umefurika, wabeba machela wamesimama wakiyatazama maji. Huzuni ile ilinikaa kifuani. Sasa nilikuwa na mimba nyingine ya miezi sita, na mvua zilikuwa zinakuja.

Basi nikasimama mkutanoni nikaomba mbao za stesheni zijenge daraja. Mume wangu akajibu mbele ya watu wote kwamba treni ingenifikisha hospitali ya Kigoma kabla uji haujapoa. Nikamuuliza pale mtoni ingepita juu ya nini. Wanawake walicheka mpaka mwenyekiti naye akashindwa kujizuia, na mbao zikaenda mtoni.

Siku tatu mume wangu alikula, akanawa, akaondoka. Daraja lilipokamilika, alikwenda kusimama pale na kibendera chake. Lilikuwa jembamba, na baiskeli zenye magunia ya maharage zilikuwa zikikutana katikati, kila mtu akigoma kurudi nyuma. Akaweka amri kwamba havuki mtu mpaka apunge. Hata mwenyekiti alisubiri na mbuzi wake.

Uchungu ulinishika asubuhi moja ya mvua kubwa. Wanaume wanne walinikimbiza kwa machela hadi darajani, kisha wakasimama. Nilijua daraja limechukuliwa na maji, nikaanza kulia. Kumbe walikuwa wanasubiri bendera.

Mume wangu alikuwa nyuma yetu, kikapu cha nguo za mtoto kichwani, kibendera kikining'inia mkononi. Alikuwa anautazama ukingo ule ilipoharibikia mimba ya kwanza, hata bendera ameisahau. Nilimwonea huruma hata katikati ya maumivu yangu.

"Stesheni masta," nikamwita, "tupungie, twende."

Akapunga. Alipunga kwa mikono miwili, kikapu kikaporomoka, na nguo zote zikaenda na mto. Ndiyo maana jioni ile, pale Kabanga, mwanangu alifungwa nepi yake ya kwanza kwa kipande cha kanga yangu ya kijani.