Utabiri wa Mawimbi kwa Kaka

Nichekeni tu. Kazi yangu hapa Mbale ni kupangia malori safari, lakini kila asubuhi kwanza humtumia kaka yangu utabiri wa mawimbi ya mwambani kwetu, pwani ya Kenya, anakofundisha watalii kuteleza juu ya maji. Kana kwamba yeye haioni bahari!

Jana niliutuma kwa madereva kimakosa: "Mawimbi makubwa leo. Usiingie majini." Wakaegesha malori Jinja, wakiogopa kuvuka daraja la Nile.

Bosi alifoka: "Bahari iko wapi Mbale, bwana?"

"Ni ya kaka, bosi. Hunitegemea."

Akaninyang'anya simu. Akasoma jumbe nilizomtumia kaka, akazidi kurudi nyuma, mpaka sauti ikampoa.

"Bwana, hii yote iko na tiki moja. Kaka yako hajapata hata moja."

"Najua, bosi; siku bahari ilipomchukua, sikuwa nimemtumia."